Mechi ya 4 Mei 1871: jedwali lipi linasema kweli?

Swali

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Kigoma, na huu ni mwaka wa tano tunaishi Fort Wayne, Indiana. Kijana wangu yuko darasa la saba na amepewa kazi ya shule kuhusu mechi ya kwanza ya ligi ya besiboli ya kulipwa, iliyochezwa hapa hapa mjini tarehe 4 Mei 1871. Tumetafuta majedwali ya mechi za wakati ule tukachanganyikiwa. La kizamani lina safu mbili tu, la siku hizi lina safu nyingi kama bili ya hospitali. Kitabu kimoja kinasema mechi ya kwanza ya ligi kuu ni hii ya hapa, kingine kinasema ni ya 1876 kule Philadelphia. Mrushaji aliyeshinda, Bobby Mathews, sehemu moja ameandikiwa ushindi 297, nyingine 166. Juu ya hayo, jirani yetu mzee alipohama alituachia boksi la makaratasi, na ndani yake tumekuta karatasi ya alama iliyoandikwa kwa penseli. Juu imeandikwa kwamba hiyo ni mechi ya kwanza ya kulipwa, 1871. Imechanika katikati. Mume wangu anasema ni mali, tuiunge kwa selotepu tuiuze. Kijana anauliza nani anasema kweli. Mimi mchezo wenyewe siuelewi vizuri. Tuanzie wapi?"

Jibu

Marahaba, dada yangu. Kabla ya jambo lolote, mwambie shemeji airudishe selotepu kabatini. Habari ya karatasi nitaifikia, ila hilo halingojei.

Maswali yako ni mengi, lakini nikiyatazama naona yote yametoka kwenye wasiwasi mmoja: ikiwa mechi moja ina namba mbili, basi kuna mtu amekosea au amedanganya. Ni wasiwasi wa haki. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu tumezoea kwamba bao ni bao, limeingia au halijaingia. Jedwali la besiboli lina tabia nyingine, na mimi hulifananisha na daftari la madeni la dukani. Mwenye duka mmoja anaandika "Mama Neema 4,500" na kufunga daftari. Mwenzake wa ng'ambo ya barabara anaandika mchele kilo moja, sabuni mche mmoja, na siku uliyochukua. Ukiyaweka madaftari hayo pamoja hayafanani, na hakuna aliyekuibia. Kila mmoja ameandika kile alichojua atakihitaji siku ya kudai.

Hata kwenye mpira wetu jambo hilo liko. Muulize mzee yeyote wa Kigoma nani alifunga katika mechi aliyoiona ujanani, atakutajia majina na hata mguu uliotumika. Muulize nani alitoa pasi ya bao, atakutazama tu. Pasi zilikuwepo, ila hakukuwa na mtu wa kuzihesabu.

Kwa kuwa umesema mchezo huujui, nikupe kiasi cha kukuvusha. Timu mbili, wachezaji tisa kila upande. Upande mmoja unapiga, mwingine unalinda. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi alipoanzia. Akikamilisha mzunguko, timu yake imepata mkimbio mmoja, na mikimbio ndiyo inayoamua mshindi. Wachezaji watatu wa upande unaopiga wakitolewa, zamu inageuka. Kila timu ina zamu tisa. Hayo yanatosha kwa leo.

Sasa twende uwanjani. Timu ya mji wenu iliitwa Kekionga. Ukilitamka jina hilo kwa sauti utadhani ni la kwetu, kumbe ni la Wamiami, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliokuwa na makazi yao pale mto St. Marys na mto St. Joseph inapokutana na kuzaa mto Maumee. Wageni walikuwa Forest City, kutoka Cleveland, Ohio. Watazamaji walikuwa kama 200 hivi, idadi ambayo mechi ya shule ya kijana wako inaweza kuifikia.

Aliyesimama kwanza kupiga alikuwa Deacon White, mdakaji wa Cleveland. Akaupiga mpira vizuri, akakimbia hadi kituo cha pili. Hilo ndilo pigo la kwanza katika ligi ya kulipwa. Baada yake akaja Gene Kimball, akapiga mpira wa juu uliomwendea Tom Carey, mlinzi wa kituo cha pili. Kanuni inasema mpira ukidakwa hewani mpigaji ametoka, na mwenzake aliyekuwa kituoni, kama ameshachomoka, lazima arudi kabla mpira haujafikishwa pale. White alikuwa ameshachomoka. Carey akaudaka mpira, akakikanyaga kituo chake. Watu wawili wametoka, na ni mkono wa mtu mmoja uliowatoa.

Simama hapo hapo na kijana wako, maana hapa ndipo safu mbili zinapoeleweka. Majedwali ya miaka ya 1860 mara nyingi yalikuwa na mambo mawili tu mbele ya jina la mchezaji: ametolewa mara ngapi, na amepata mikimbio mingapi. Liandike tukio hilo kwa mtindo huo. White: ametoka mara 1, mikimbio 0. Kimball: ametoka mara 1, mikimbio 0. Wanalingana kabisa. Lile pigo lililompeleka White mpaka kituo cha pili halimo. Carey naye, aliyefanya kazi ya watu wawili, hana hata alama moja kwa hilo, kwa sababu jedwali la aina hiyo halina safu ya ulinzi. Sasa liandike kwa mtindo wa leo. White ana pigo 1 la vituo viwili. Carey amewatoa 2. Kimball hana kitu. Tukio ni lile lile, na majedwali yote mawili yamesema kweli. Ningekuwa kijana wako, insha yangu ningeianzia hapo.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuongeza safu ni Henry Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1824 akahamia Brooklyn akiwa mtoto. Alikuwa mwandishi wa kriketi kabla ya kuupenda mchezo huu, na daftari alilolikuza lina damu ya kriketi ndani yake. Kwake yeye, mikimbio peke yake haikumtendea haki mchezaji hodari aliyezungukwa na wenzake dhaifu. Ile herufi K ambayo mashabiki huitundika kwenye kuta za viwanja hadi leo, kumaanisha mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri aliyoshindwa kuipiga, ni yake. Herufi S alikuwa ameshaipa kazi nyingine, akachukua ya mwisho katika neno la Kiingereza "struck".

Turudi kwenye matokeo. Katika zamu ya pili Bill Lennon wa Kekionga naye alipiga pigo la vituo viwili, kisha pigo la Joe McDermott likamrudisha nyumbani. Huo ndio mkimbio wa kwanza wa ligi hiyo. Baadaye ukaongezeka mwingine, na Cleveland hawakupata kitu. Mechi ikaisha 2–0, mshindi akiwa Bobby Mathews, kijana wa Baltimore mwenye miaka 19, mfupi wa futi tano na inchi tano tu.

Najua 2–0 kwako inasomeka kama Jumapili ya kawaida uwanjani. Hapo kuna dhana ya kurekebisha. Siku iliyofuata, tarehe 5 Mei, Boston waliwafunga Washington 20–18 katika ligi hiyo hiyo, na matokeo ya namna hiyo ndiyo watu waliyoyazoea. Fikiria hali ilivyokuwa. Walinzi hawakuvaa glavu, walidaka mpira mgumu kwa viganja vitupu. Uwanja ulikuwa nyasi na mabonde. Mrushaji alilazimika kurusha kwa mkono wa chini, akiwa futi 45 kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 13.7, wakati leo ni mita 18.4. Tena mpigaji alikuwa na haki ya kumwambia mrushaji anataka mpira wa juu au wa chini. Katika mazingira hayo, kuzuia timu nzima isipate hata mkimbio mmoja ilikuwa kazi ya ajabu, na walinzi wa Mathews wanastahili sehemu yao ya sifa. Viganja vyao vilikuwa wazi kabisa.

Viganja hivyo vinatuleta kwenye sababu kubwa ya namba kutolingana. Chukua mpira mmoja uliopigwa chini kwa nguvu. Unadunda mara moja, unampiga mlinzi kiganjani, unaruka pembeni, mpigaji anafika kituo cha kwanza salama. Je, hilo ni pigo la mpigaji au ni kosa la mlinzi? Mpira wenyewe hausemi. Anayesema ni karani aliyekaa na penseli. Karani wa Cleveland anaweza kuona kosa, wa Fort Wayne akaona pigo, na mwandishi wa gazeti aliyechelewa kufika akanakili kwa aliyekaa karibu naye. Mimi nimeandika alama za mechi nyingi, na nakuhakikishia mkono husita. Una sekunde chache, mpira unaofuata unakuja, lazima uchague. Usipochagua, umekosa na unaofuata.

Kuna namna ya pili ya kutolingana ambayo haimhusu karani kabisa, nayo ni kanuni za kuhesabu kubadilika. Mpigaji akirushiwa mipira mibovu ya kutosha, hupewa kituo cha kwanza bure. Mwaka 1876 tukio hilo lilihesabiwa dhidi yake, kana kwamba ametolewa. Mwaka 1887 likahesabiwa kama pigo. Leo halihesabiwi huku wala kule. Ndiyo maana mpigaji Tip O'Neill wa St. Louis alimaliza msimu wa 1887 akiwa na wastani wa mapigo (mapigo ukiyagawa kwa mara alizohesabiwa kupiga) wa 0.492, na ukifungua vitabu vya leo utakuta 0.435. Hakuna mpira hata mmoja uliobadilika, mtu mwenyewe amelala kaburini zamani, lakini wastani wake umeshuka kwa sababu sisi tumebadili tunachokiita pigo.

Kosa la kweli nalo lipo, nisikufiche. Mpigaji mashuhuri Ty Cobb alihesabiwa mapigo 4,191 katika maisha yake ya mchezo. Miaka mingi baadaye mtafiti Pete Palmer, akipitia madaftari ya ligi ya mwaka 1910, akagundua mechi moja, yenye mapigo 2 ya Cobb, ilikuwa imeingizwa mara mbili. Jambo hilo lilichapwa mwaka 1981. Kamishna wa besiboli wa wakati huo, Bowie Kuhn, akakataa namba hiyo ibadilishwe. Basi mchezaji Pete Rose alipopata pigo lake la 4,192 mjini Cincinnati tarehe 11 Septemba 1985, uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, ilhali kwa hesabu iliyosahihishwa alikuwa ameshampita Cobb siku tatu nyuma, Chicago. Mimi nasimama na hesabu iliyosahihishwa. Heshima ya marehemu haiongezwi kwa mapigo mawili ambayo hakuyapiga.

Haya, 1871 au 1876? Hapa watu hugombana kumbe wanazungumzia vitu viwili. Ligi ya kwanza ya kulipwa iliundwa New York tarehe 17 Machi 1871. Kiingilio kilikuwa dola 10 kwa klabu. Haikuwa na ratiba ya pamoja; klabu zilipangiana zenyewe, na timu zilikufa katikati ya msimu. Kekionga yenu ni mojawapo, haikufika mwisho wa mwaka huo. Ligi hiyo ilidumu hadi 1875. Mwaka uliofuata William Hulbert akaanzisha ligi mpya ambayo ipo mpaka leo, na mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 22 Aprili 1876, Philadelphia, Boston wakishinda 6–5. Mwaka 1969, kamati maalumu iliyopewa kazi ya kusafisha kumbukumbu iliamua kwamba ligi ya 1871 haikuwa na utaratibu wa kutosha kuitwa ligi kuu. Kwa hiyo kijana aandike hivi: mechi ya Fort Wayne ni ya kwanza ya ligi ya kulipwa, ile ya Philadelphia ni ya kwanza ya ligi kuu kwa mujibu wa uamuzi wa 1969. Mwalimu wake hatakuwa na la kumkata.

Mathews ndiye anayebeba mzigo wa uamuzi huo. Katika ligi ya 1871 hadi 1875 alishinda mara 131. Baada ya hapo akashinda 166. Jumlisha upate 297. Nakiri hili linanigusa. Kijana yule alirusha kila mpira mbele ya watu waliolipa kiingilio, kwa mshahara, dhidi ya wachezaji bora wa wakati wake, halafu karibu nusu ya kazi yake ikafutwa na watu waliokaa mezani miaka 98 baadaye. Kamati ilikuwa na hoja zake, na nyingine ni nzito: bila ratiba, klabu moja ilicheza mechi nyingi kuliko nyingine. Ila sijawahi kuona kwa nini udhaifu wa ratiba ufute ushindi wa mtu.

Tukiwa kwenye habari ya nani anahesabiwa, naomba kijana asome sehemu hii kwa utulivu. Katika mechi ile ya Fort Wayne hakukuwa na mchezaji mweusi, na si kwa sababu weusi hawakucheza. Mwaka 1867 chama cha taifa cha besiboli kilikataa kuipokea klabu yoyote yenye hata mtu mmoja mweusi. Philadelphia kulikuwa na klabu ya weusi iitwayo Pythian, ikiongozwa na Octavius Catto, mwalimu na mpigania haki ya kupiga kura. Catto aliuawa kwa risasi siku ya uchaguzi, tarehe 10 Oktoba 1871, miezi mitano tu baada ya mechi tunayoizungumzia. Klabu yake haikuingia kwenye jedwali la ligi yoyote. Lakini walikuwa na katibu aliyetunza makaratasi, na karatasi za alama za Pythian zimehifadhiwa hadi leo katika Jumuiya ya Historia ya Pennsylvania. Mtu alikaa pembeni ya uwanja akaandika, mwingine akatunza.

Tendo kama hilo ndilo lililobadilisha vitabu vya leo. Desemba 2020 ligi za weusi za 1920 hadi 1948 zilitambuliwa kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi. Watafiti walizikusanya mechi moja moja, nyingi kutoka magazeti ya weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Hapo Josh Gibson, mchezaji wa ligi hizo, akapanda juu ya Cobb kwa wastani wa mapigo, 0.372 dhidi ya 0.367. Gibson alikuwa amefariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, kuruhusiwa kucheza katika ligi kuu ya wazungu. Kwa hiyo kijana akikuta kitabu cha zamani kinachomweka Cobb wa kwanza, atazame kwanza kimechapwa mwaka gani.

Sasa karatasi yenu.

Nitasema wazi ninachokiona kutokana na maelezo yako. Maneno ya juu yananitia shaka kuwa iliandikwa siku ile. Asubuhi ya tarehe 4 Mei hakuna mtu Fort Wayne aliyejua kwamba anakwenda kuona mechi ya kwanza. Siku hiyo hiyo Boston walitarajiwa kucheza na Washington, mechi iliyotazamiwa zaidi, na ni mvua ya Washington iliyoiahirisha hadi kesho yake na kuuachia mji wenu historia. Karani wa siku ile angeandika "Kekionga na Forest City" na tarehe. Neno "ya kwanza" ni la mtu aliyejua yaliyofuata. Inawezekana kichwa kiliongezwa baadaye na mkono mwingine juu ya karatasi ya kweli. Linganisheni mwandiko na rangi ya penseli. Inawezekana pia ni nakala ya shabiki wa baadaye, au kumbukizi ya sherehe fulani ya mji. Nakala ya namna hiyo nayo ina thamani kwa historia ya Fort Wayne, ingawa haitamlipia mtoto chuo.

Yapo mambo machache mnayoweza kuyaangalia wenyewe bila kuigusa sana. Kama ina safu iliyochapwa ya mikimbio aliyoisababisha mpigaji kwa pigo lake, basi fomu hiyo si ya 1871, maana hesabu hiyo ilikuja kuwa rasmi mwaka 1920. Kama kuna picha, itazameni kwa kioo cha kukuzia. Vidoti vidogo vidogo vilivyojipanga vinaonyesha uchapaji wa miaka ya baadaye. Na kama mna taa ya mionzi ya urujuani, ile ya kukagulia noti, mulikeni gizani. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha na huwaka rangi ya buluu. Ikiwaka, swali limeisha. Isipowaka, bado hamjathibitisha kitu. Mmeondoa jibu moja tu.

Kuhusu kuitunza: gundi ya selotepu huingia ndani ya nyuzi za karatasi, hugeuka kahawia, na kuiondoa ni kazi ya mtaalamu kwa saa nyingi. Msiiunge, msiipige pasi, msiitie plastiki ya moto, msifute uchafu kwa raba, kwani penseli nayo itaondoka. Osheni mikono, ikausheni vizuri, wekeni vipande viwili bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha na mbali na chumba cha chini ya nyumba chenye unyevu. Pigeni picha pande zote mbili. Na tafadhali msiitenganishe na boksi lake. Bili ya umeme ya mwaka fulani, kadi ya harusi, jina la babu wa jirani kwenye bahasha, hivyo ndivyo vinavyoweza kueleza karatasi ilitoka kwa nani. Karatasi isiyo na ukoo hushindwa kujitetea mbele ya mtaalamu.

Kabla ya kufikiria kuuza, mpigie yule mzee, au watoto wake. Muulize kama alijua kilichomo na kama alikusudia kuwapa. Nafahamu shemeji anaweza kuona huko ni kuamsha aliyelala, lakini mali yenye mashaka ya umiliki haiuziki kwa amani, na nyinyi mtaendelea kuishi kwenye mji huo. Mwandike alichosema, na tarehe.

Hatua inayofuata haiwezi kufanyika kwa barua, hata mkinitumia picha nzuri namna gani. Mwandiko, unene wa karatasi na harufu yake vinahitaji mtu aliye mbele yake. Bahati nzuri mko mahali pazuri. Maktaba ya Kaunti ya Allen hapo Fort Wayne ina moja ya hazina kubwa kabisa za nasaba na historia ya familia katika Marekani, na mji una makumbusho yake ya historia. Ulizeni mhifadhi wa nyaraka, mkaweke miadi, mpeleke boksi zima. Atawaambia ni karatasi ya aina gani na ya enzi gani kwa kadiri inavyoonekana. Bei hatawapa, kwa kawaida si kazi yao. Ikifika hapo pa bei, tafuteni mthamini anayelipwa ada yake na ambaye hanunui. Anayewathaminia kisha akatoa pochi, shukuruni mwondoke.

Ikithibitika ni ya siku ile, mtakuwa na njia tatu na sitawachagulia. Mnada utawapa fedha, lakini karatasi inaweza kuishia kwenye sefu ambako hakuna mtoto wa Fort Wayne atakayeiona. Kuitoa kwa makumbusho kutaihifadhi, ila hakikisheni mmesaini hati inayosema mmeitoa kwa masharti gani. Kuiazimisha kwa muda kunawaachia umiliki wakati mnatafakari, na kwa familia ambayo bado inajipanga naona njia hii haina haraka ndani yake. Ikithibitika ni ya baadaye, mpeni kijana aiweke kwenye kazi yake ya shule pamoja na maelezo ya jinsi mlivyoigundua. Walimu wengi wangefurahia hilo kuliko insha safi isiyo na swali.

Na wewe, dada, usibaki nje ya mchezo. Majira ya joto timu ya TinCaps hucheza katikati ya mji, uwanja wa Parkview Field. Nenda na kijana, mchukue penseli mbili na karatasi mbili, mkae pamoja lakini msichunguliane. Andikeni zamu tatu za kwanza: nani amepiga, nani ametolewa na nani, na kila mpira ulioparaza glavu mwamue wenyewe kama ni pigo au ni kosa. Kisha mlinganishe. Mtakapotofautiana, kila mmoja amweleze mwenzake alichokiona, halafu mniandikie. Napenda kujua ulikuwa mpira gani.